Kuiweka Chini Karata Nzuri: Somo la Uyamkini Kutoka Migombani

Mwalimu wa hisabati anapofika katika mada ya uyamkini, aghalabu huanza na sarafu, kisha dadu, kisha mipira myekundu na myeupe iliyotiwa mfukoni. Wanafunzi hukokotoa, hupata alama zao, na mada hufungwa. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali ambalo maisha yatamwuliza mara nyingi: una kitu kizuri mkononi, je, ni wakati gani yakupasa kukiachia? Shabaha ya makala haya ni kudai kwamba swali hilo limo katika kiini cha elimu ya uyamkini, na kwamba shule za Bukoba na Muleba zina mfano wake karibu kabisa na madarasa yao, yaani kibanjani.

Hata hivyo nitaanza na karata, kwa sababu mbili. Kwanza, elimu hii yenyewe ilikulia katika michezo ya kubahatisha. Mnamo mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya haki ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Pili, vijana wetu hawako mbali na michezo hiyo. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Kashai au Kamachumu yaweza kumketisha, kwa njia ya intaneti, katika meza moja ya poka na watu asiowajua walio ng'ambo ya dunia. Kulifumbia macho jambo hilo si kulizuia. Afadhali tulichambue.

Wafalme wawili mkononi

Katika namna ya poka ipendwayo zaidi siku hizi, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri kutoka katika seti ya karata 52, kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa matumizi ya wote. Katikati ya hatua hizo wachezaji huongeza dau, au huweka karata zao chini na kujitoa, wakiacha fedha walizokwisha kuzitia. Tuseme umegawiwa wafalme wawili. Mwanzoni mwa mchezo ni jozi moja tu iliyo bora kuliko hiyo, nayo ni jozi ya ree. Je, uyamkini wa mpinzani wako mmoja kuwa na ree mbili ni kiasi gani?

Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa kidato cha nne. Karata usizoziona ni 50, na jozi ziwezazo kufanyika kutokana nazo ni 50 × 49 ÷ 2, yaani 1,225. Ree nne hufanya jozi 6. Kwa hiyo uyamkini ni 6 kwa 1,225, ambao haufikii hata nusu ya asilimia moja. Kuwaachia wafalme kwa hofu ndogo kiasi hicho ungekuwa upumbavu.

Lakini mchezo haujaisha. Unaongeza dau, mpinzani anaongeza zaidi, unaongeza tena, naye anatia mezani kila alicho nacho. Umemchunguza kwa muda mrefu, nawe umeona kwamba hafanyi hivyo ila awapo na ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, au ree moja pamoja na mfalme mmoja. Sasa hesabu upya. Ree mbili zapatikana kwa njia 6. Wafalme wawili waliosalia, kwa njia 1. Malkia wawili, kwa njia 6. Ree na mfalme, kwa njia 8. Jumla ni njia 21. Uyamkini wa kukutana na ree mbili umepanda hadi 6 kwa 21, yaani 2 kwa 7. Bado wafalme wako wana nguvu. Lakini kama mpinzani huyo ni mtu wa hadhari nyingi, asiyethubutu hivyo ila kwa ree mbili au wafalme wawili tu, basi uyamkini ni 6 kwa 7. Hapo yafaa kuweka karata chini, maana wafalme wawili wakipambana na ree mbili hushinda chini ya mara moja katika kila mara tano.

Mwanafunzi na aangalie vizuri: tangu mwanzo hadi mwisho, karata za mkononi hazikubadilika. Wafalme ni wale wale. Kilichobadilika ni ushahidi. Namna ya kurekebisha uyamkini kila ushahidi mpya unapotokea ilianza kufafanuliwa na kasisi wa Kiingereza, Thomas Bayes, katika insha iliyochapishwa mwaka 1763, yeye akiwa amekwisha kufariki. Funzo lake ni kwamba kitu hakipimwi kwa uzuri wake peke yake, bali kwa uzuri wake ukilinganishwa na yale usiyoyaona.

Makosa ya mchezaji dhaifu ni mawili. La kwanza ni kuendelea kuvutiwa na sura ya karata wakati ushahidi umekwisha kugeuka. La pili ni kusema, "Nimekwisha kutia fedha nyingi, nitaachaje sasa?" Fedha iliyokwisha kuwekwa mezani si yake tena, ni sehemu ya zawadi ya atakayeshinda. Swali linalobaki ni moja tu: je, kuanzia sasa, kuendelea kutaleta faida au hasara?

Kutoka mezani hadi kibanjani

Makosa hayo hayo mawili hutukabili mbali kabisa na meza ya karata. Mnamo mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, ambao wengi mkoani Kagera huuita unyanjano, ulithibitika kuwapo wilayani Muleba. Haukuwa mgeni Afrika. Wataalamu walikuwa wameueleza nchini Ethiopia mwaka 1968 katika ensete, mmea wa jamii moja na mgomba, na mwaka 1974 katika migomba yenyewe. Mwaka 2001 ulionekana Uganda. Ulipofika Muleba ulifika mahali ambapo ndizi ndiyo chakula kikuu cha nyumba, na kibanja ndicho urithi wa ukoo.

Bakteria wake, aitwaye kitaalamu Xanthomonas, huishi ndani ya mirija ya mmea. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ua dume husinyaa. Ndizi huiva kabla ya wakati, na zikikatwa huonekana zimeoza kwa ndani na kuwa na rangi ya kahawia. Shina likikatwa hutoa utomvu mzito wa manjano. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na machipukizi yaliyochukuliwa kutoka migomba yenye ugonjwa, na zaidi sana na panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima. Hakuna dawa iwezayo kuuponya mgomba uliokwisha kuugua.

Sasa mfikirie mkulima aliyesimama mbele ya mgomba wa Enchoncho wenye mkungu mkubwa uliobakiza majuma machache kukomaa. Mkungu wapendeza macho. Lakini ua dume limeanza kusinyaa, na jani moja limelegea. Huyo ana wafalme wawili mkononi. Akate leo, au angoje?

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za kubuni ambazo kila darasa laweza kuzibadilisha. Tuseme mkungu una thamani ya shilingi 10,000, na uyamkini wa kukomaa ukiwa bado waliwa ni nusu. Basi faida ya kutarajiwa kwa kungoja ni shilingi 5,000. Tuseme tena kwamba uyamkini wa ugonjwa kuhamia migomba mitano ya karibu wakati wa kungoja ni robo, na kila mgomba una thamani ile ile. Hasara ya kutarajiwa ni robo ya 50,000, yaani shilingi 12,500. Kukata leo ndiko kwenye busara. Kama uyamkini wa kuambukiza ungekuwa 1 kwa 20 tu, hasara ya kutarajiwa ingekuwa shilingi 2,500, na jibu lingegeuka. Ndiyo maana nasema kwamba kuachia si woga wala si ushujaa. Ni hesabu, na hesabu hutaka kujua mambo.

Kujua mambo kumebadilisha hata ushauri wa wataalamu. Hapo awali wakulima waliambiwa wang'oe shina zima pamoja na watoto wake wote mara dalili zionekanapo. Kazi ilikuwa nzito na hasara kubwa, na wengi walisita. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba bakteria haenei kila mara katika mashina yote ya kundi moja. Katika majaribio yaliyofanywa Kivu ya Kusini, nchini Kongo, kulikata shina linalougua peke yake usawa wa ardhi, mapema na bila kuchoka, pamoja na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda na kusafisha vyombo kwa moto au kwa jiki, kulishusha idadi ya mashina yenye ugonjwa hadi chini ya asilimia 2 katika muda wa miezi michache. Wahenga walisema heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Hapa sayansi imetuonyesha nusu hiyo ni ipi.

Mahali ambapo mifano hii miwili yaachana

Hata hivyo, kibanja si meza ya karata. Mcheza poka akikawia kujitoa, hupoteza fedha yake mwenyewe. Mkulima akikawia, nyuki hawaujui mpaka wa jirani. Hesabu ya mgomba mmoja haina budi kuingiza migomba ya kijiji kizima, na mara nyingi ndiyo inayogeuza jibu. Tena tusimlaumu upesi anayesita. Hasara ya kukata ni ya leo, nayo ni hakika. Hasara ya kungoja ni ya kesho, nayo ni ya kukisia tu. Mwenye ghala hulipa ya leo kwa urahisi. Mwenye watoto wanaongojea mkungu huo huo hulipa kwa uchungu. Jamii itakayo akate mapema kwa manufaa ya wote yapaswa kumsaidia apate machipukizi safi ya kupanda tena.

Ombi langu kwa walimu ni rahisi. Mkimaliza sarafu na dadu, wapelekeni wanafunzi kibanjani. Wahesabu migomba, waandike dalili, wachore mti wa uyamkini, wabadilishe tarakimu na kuona ni wapi jibu linapogeuka. Wasikate wala kugusa mgomba wowote bila idhini na vyombo safi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku hakiko mbali na Bukoba. Maafisa ugani nao wapo. Darasa la namna hiyo litawafundisha hisabati na biolojia kwa pamoja.

Nanyi wanafunzi ambao mngependa kuijaribu hesabu ya wafalme katika simu, kumbukeni jambo moja lisiloandikwa kwa herufi kubwa. Mwenye meza hukata sehemu yake katika fedha za mchezo, ashinde nani ashindwe nani. Kwa hiyo wachezaji wakijumlishwa wote, hutoka na fedha pungufu kuliko waliyoingia nayo. Tena sheria yetu haiwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza. Karata iliyo rahisi kuliko zote kuiweka chini ni ile ambayo hukugawiwa. Mgomba ulio nyuma ya nyumba yenu, kwa upande mwingine, mmekwisha kugawiwa. Nendeni mkaliangalie ua dume lake.