Urembo wa Kifaransa na Kapu la Ukindu

Wasomaji wangu, siku hizi hapa Mtwara mjini ukikaa na vijana waliomaliza chuo, hasa walio maofisini, hukosi kusikia habari ya urembo wa Kifaransa. Yaani kupendeza bila kuonekana umehangaika: shati jeupe, jinzi iliyokukaa, rangi ya mdomo kidogo, basi. Zamani Wafaransa tuliwajua kwa gesi ya Msimbati, maana Maurel & Prom makao yake makuu yako Paris. Leo tunawajua kwa mavazi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna tunavyoiga.

Hebu tuangalie vitu hivyo vilitoka wapi. Ile fulana ya mistari ya buluu na nyeupe ilikuwa sare ya mabaharia wa jeshi la Ufaransa kwa amri ya mwaka 1858. Nguo ya watu wa chomboni! Naye Jane Birkin, ambaye dunia nzima humtaja kama mfano wa mrembo wa Kifaransa, alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London. Alizunguka Paris na kikapu cha kusuka, hata akiwa na gauni la dhifa. Mkoba wa Hermès wenye jina lake ulikuja baadaye, 1984, na ule wa kwanza kabisa ulipigwa mnada Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Lakini mambo yalianzia kwenye kikapu.

Sasa jamani, kapu la ukindu hapa kwetu ni la kwendea sokoni tu. Binti msomi akiingia nalo ofisini atachekwa. Ananunua mkoba wa bandia wenye jina la Kifaransa, unaoanza kubanduka kabla masika hayajaisha.

Tena Mfaransa wa karibu nasi hayuko Paris. Yuko Mayotte, kisiwa kilicho kama kilomita 600 kutoka hapa, ambacho Ufaransa ilikifanya mkoa wake kamili mwaka 2011, ingawa Comoro hadi leo inakidai. Wapo kina mama wengi wa huko walio raia wa Ufaransa, na bado wanajifunga saluva na kupaka usoni msindzano, yaani liwa ya msandali iliyosagwa kwenye jiwe la tumbawe. Wanatoka nayo mchana kweupe bila kumwomba mtu radhi. Ng'ambo ya Ruvuma, dada zetu wa Msumbiji hupaka musiro. Sisi liwa tumemwachia biharusi.

Badala yake wapo wanaokimbilia mkorogo. Hapa sipepesi macho. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 wasimamizi wa vipodozi ni TBS, lakini bado vinapenyezwa. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Na niambieni, aliyejichubua atapendezaje bila kuhangaika? Kila siku atalikimbia jua, na jua la Ufukoni halina mahali pa kulikimbilia.

Najua wapo watakaosema mwanaume anatafuta nini kwenye mambo ya poda. Nanyi kaka zangu sijawasahau, mnaovaa suti nzito yenye kizibao kwenye joto hili, shati limelowa mgongoni kabla ya saa nne!

Ukitaka kumwiga Mfaransa, iga akili yake. Yeye alichukua nguo ya baharia wake akaivaa kwa kujiamini. Nawe nunua shati moja zuri la mtumba, lipeleke kwa fundi cherehani alipunguze likukae. Kanga ya mama itoe kabatini ishonwe sketi. Beba kapu lako. Ngozi yako ipake mafuta ya nazi, uiache na rangi yake. Gharama yake haifiki bei ya huo mkoba wa bandia.

Au nyie mwasemaje?