Nani Anasema? Ayubu na Usomaji Wetu wa Biblia

Makala haya yamechochewa na mazishi. Mwanafunzi wetu mmoja alifariki kabla ya kufanya mtihani wake wa mwisho, nasi wa idara tukasafiri kwenda kumzika. Mhubiri wa siku hiyo alichagua andiko lake katika kitabu cha Ayubu, sura ya 4, pale panapoulizwa kama yupo mtu asiye na hatia aliyepata kuangamia. Akalifafanua kwa ufasaha, wazazi wa marehemu wakiwa wameketi hatua chache mbele yake. Wahadhiri wa fasihi tulikuwapo watano. Kazi yetu ya kila siku ni kuwafundisha vijana kuuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na kazi nzima inayachukuliaje maneno yake. Siku hiyo hatukuliuliza swali hilo, wala hatukuonekana kushtuka. Maneno yale si ya Mungu wala si ya Ayubu. Ni ya Elifazi Mtemani, na katika sura ya 42, aya ya 7, Mungu anamwambia Elifazi huyo kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili, kwa sababu waliyoyasema juu yake hayakuwa sahihi kama ya Ayubu. Wazazi wale walihukumiwa kwa hoja ambayo kitabu chenyewe kimekwisha kuikataa.

Tunadai kwamba kitabu cha Biblia hakina budi kusomwa kizima, kama kazi yenye msimulizi, wahusika na mpangilio, kabla ya aya yake yoyote kunukuliwa popote. Dai hili halimlengi mhubiri peke yake. Linatulenga sisi zaidi, kwa maana mhubiri yule alipita katika shule ambazo walimu wake wa fasihi tuliwafundisha sisi.

Tazama aya ya 7 ya sura ya 8, inayoahidi kwamba mwanzo mdogo utafuatwa na mwisho mkubwa. Tumeiona kwenye kalenda, kwenye kadi za harusi, na juu ya milango ya maduka mapya. Msemaji wake ni Bildadi. Aya tatu tu kabla ya hapo, Bildadi amemwambia baba aliyefiwa na watoto kumi kwamba huenda watoto hao walivuna dhambi zao wenyewe. Ahadi ile nzuri ni sehemu ya pili ya tusi, na mwenye duka hajui ametundika nini mlangoni pake. Hali kadhalika aya ya 28 ya sura ya 22, ambayo siku hizi huombewa kwa sauti kuu na watu wanaoagiza baraka zishuke, imo katika hotuba ya tatu ya Elifazi, hotuba ileile inayomzulia Ayubu kuwanyanyasa wajane na mayatima.

Atakayetupinga atatukumbusha kwamba hata Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 3, anamnukuu Elifazi kama andiko. Ni kweli, na pingamizi hilo lina uzito. Lakini Paulo anachukua kauli moja kuhusu werevu wa wenye hekima na kuipa muktadha mpya. Hadai kwamba Elifazi alikuwa na haki juu ya Ayubu. Tatizo la marafiki hawa si kwamba kila wanachosema ni uongo. Mengi wanayosema yangepita katika mkusanyiko wowote wa methali. Kosa lao ni kuichukua kauli ya jumla na kumbandika nayo mtu mmoja aketiye majivuni. Hapo ndipo ulipo usanii wa kitabu hiki: mtunzi amewapa wakosaji mashairi mazuri. Msomaji asiyefuatilia wasemaji atanaswa na uzuri huo, na pengine ndivyo mtunzi alivyokusudia.

Sasa tumgeukie Ayubu mwenyewe. Kiswahili kina usemi wa "subira ya Ayubu", nao una mizizi miwili. Mmoja ni Waraka wa Yakobo, sura ya 5. Wa pili ni mapokeo ya Kiislamu: Kurani inamtaja Ayubu katika sura ya 21 na ya 38, na Utendi wa Ayubu, ambao J. W. T. Allen aliuchapisha katika mkusanyiko wake wa tendi mwaka 1971, unamsifu mja aliyevumilia na mke mwaminifu aliyemuuguza. Kwa hiyo wenzetu wanaosema Biblia ni kitabu cha mkoloni, nasi tuiachie idara ya dini, wanakosea hata kwa kigezo chao wenyewe. Ayubu hakungoja meli ya mmisionari ili aingie katika fasihi ya Waswahili.

Lakini Ayubu mwenye subira, katika Biblia, yumo katika sura mbili za mwanzo na aya chache za mwisho, zote za nathari. Katikati pana karibu sura arobaini za ushairi, na humo subira haimo. Sura ya 3 inaanza na Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa. Katika sura ya 9 anasema Mungu huwaangamiza wema na waovu sawasawa. Katika sura ya 13 anawaita rafiki zake waganga wasiofaa kitu na kutaka kujadiliana na Mungu ana kwa ana. Huyu ni mdai aliye mahakamani. Naye ndiye, si wale waliomtetea Mungu, anayeambiwa mwishoni kwamba alisema sawa. Msomaji aliyeishia sura ya 2 atamnyamazisha kila mfiwa kwa jina la Ayubu, ilhali Ayubu hakunyamaza.

Fauka ya hayo, Biblia tunayoisoma ni tafsiri, na tafsiri ina historia. Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Baadaye palikuwa na Biblia ya Unguja na Biblia ya Mombasa, na Roehl alitoa yake mwaka 1937 akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ndiyo iliyotulea wengi wetu. Ndani yake, anayemshitaki Ayubu mbinguni anaitwa Shetani, kama jina la mtu. Katika Kiebrania neno hilo lina kibainishi, nalo ni cheo: mshitaki, mmoja wa wahudumu wa baraza. Mswahili akisoma "Shetani" humwingiza humo Iblisi mzima anayemjua, na baraza linageuka uwanja wa vita. Vivyo hivyo katika sura ya 42, aya ya 6, tafsiri hiyo inamfanya Ayubu aichukie nafsi yake, ilhali kitenzi cha Kiebrania hapo hakikutaja kinachochukiwa. Kama Ayubu alijidharau, au aliyafuta mashitaka yake, au alikwisha kuchoka, wataalamu hawajaafikiana. Mwanafunzi wa fasihi ana haki ya kuujua mgogoro huo.

Tunasikitishwa pia na tasnifu zinazohesabu dokezo za Biblia katika riwaya kama karani ahesabuye magunia. Mwanafunzi ataandika kwamba Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o inatumia mfano wa talanta wa Mathayo 25, ataweka alama ya nukuu, kisha ataendelea na safari. Ngũgĩ anamgeuza mtumwa wa tatu, aliyelaaniwa katika Injili, kuwa ndiye aliyemtambua bwana kuwa mnyonyaji. Asiyejua mfano wa asili unamweka wapi msomaji wake, hawezi kupima ukubwa wa mapinduzi hayo.

Tumeambiwa katika kikao cha idara kwamba muda wa muhula hautoshi, na kwamba mhadhiri Mwislamu au asiye na dini hawezi kulazimishwa kufundisha Biblia. Hoja ya pili ni ya ajabu katika idara ambamo Wakristo wamefundisha Al-Inkishafi miaka yote bila kuulizwa imani yao. Ama kuhusu muda, kitabu cha Ayubu kina sura 42, nacho husomwa kikamalizika kwa alasiri mbili. Tunapendekeza kiwekwe katika kozi ya utendi, sambamba na Utendi wa Ayubu, na swali la kwanza la mtihani liwe juu ya wake wawili: yule wa utendi anayemuuguza mumewe, na yule wa Biblia aliyepewa aya moja tu ya kusema, kisha msimulizi asimtaje tena, hata pale watoto wengine kumi wanapozaliwa.