Kambi ya Lazima Haitatunyooshea Vijana

Kila vijana wa mapanga wanapovamia watu Kisauni, Mombasa, dawa inayotajwa barazani Mkomani ni ile ile: "Wapelekwe jeshini kwa lazima, watanyooka." Wanaosema hivyo wamechoka kufunga milango mapema kwa hofu. Uchungu wao ni wangu pia. Dawa yao naipinga.

Tumeshaijaribu. Kuanzia 1984 hadi 1990, serikali ya Rais Moi iliwalazimisha waliofaulu kwenda chuo kikuu wapitie kwanza kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Wakavaa magwanda, wakapiga gwaride. Wengi wao ndio waliokuja kushika ofisi za umma. Je, ufisadi ulikwisha?

Isitoshe, nani kasema vijana wetu wanakwepa jeshi? Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) likija kusajili, uwanja hujaa tangu alfajiri. Wanakimbizwa pekupeku, wanapimwa vifua, wanapanuliwa vinywa meno yakaguliwe. Wengi hurudishwa nyumbani na vyeti vyao mkononi. Moyo wa kutumikia wanao. Nafasi ndiyo hakuna.

Anayetamani utumishi wa lazima aitazame Eritrea. Sheria yake ya 1995 ilitaka utumishi wa miezi 18. Baada ya vita na Ethiopia vilivyozuka 1998, mwisho wa utumishi huo haukujulikana tena, na vijana kwa maelfu wakaikimbia nchi. Paulos Eyassu, Isaac Mogos na Negede Teklemariam, Mashahidi wa Yehova waliokataa bunduki kwa imani yao, walikamatwa Septemba 1994 wakafungwa bila kushtakiwa hadi Desemba 2020. Aliyevumilia miaka 26 kwa ajili ya dhamiri yake, nani atamwita mwoga?

Nasi Wapwani tunajua kukataa. Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wakawe vibarua wa mashamba na wapagazi wa vita, Wagiriama waligoma. Mwaka 1914 Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikalipuliwa kwa baruti na nyumba zikachomwa. Leo Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha wakatae, tunamwita shujaa. Hatuwezi kumsifu yeye, kisha tukadai wajukuu zake waswagwe kambini.

Wazee wangu, anayemkata mtu panga ashikwe, ashtakiwe yeye kwa kosa lake. Asiye na kosa asiadhibiwe kwa sababu ni kijana wa mtaa huo huo. Apewe kitambulisho bila kuzungushwa, afundishwe ufundi, na NYS iwe wazi kwa atakaye. Katiba ya 2010, kifungu cha 30, inakataza kazi ya kulazimishwa. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri. Haki hizo ni za kijana wa Kisauni kama zilivyo za mtoto wa waziri.