Mwandishi wa Ugonjwa wa Ukoo Afungue na Daftari la Fedha

Ugonjwa wa ukoo kwetu husemwa kwa kunong'ona, na ukiandikwa huandikwa kwa machozi matupu. Machozi hayajapata kutengeneza dawa. Nawasihi wenzangu wenye kalamu wamtazame Geeta Anand, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Wall Street Journal, na kitabu chake cha mwaka 2006, The Cure.

Humo yumo John Crowley, Mmarekani aliyeambiwa mwaka 1998 kwamba wanawe wawili wana ugonjwa wa Pompe. Mgonjwa hukosa kimeng'enya cha kuvunja sukari iliyohifadhiwa mwilini. Sukari hujazana kwenye misuli, mtoto hulegea, moyo huvimba, hata kupumua kukamshinda. Baba mzima, mama mzima, ila kila mmoja kabeba kasoro iliyojificha. Basi kila mimba ina hatari ya moja kwa nne. Ndiyo hesabu ya selimundu, ambayo mpaka leo zipo nyumba anaitwa mama mwenye mkosi kwa ajili yake.

Crowley aliacha kazi yenye mshahara mnono, akaongoza kampuni changa ya Novazyme huko Oklahoma, akabisha hodi kwa wenye mitaji. Mwaka 2001 kampuni ya dawa ya Genzyme ikainunua kwa zaidi ya dola milioni 100. Mwandishi mvivu angepiga vigelegele akaishia hapo. Anand anaendelea: kimeng'enya cha Novazyme kinashindanishwa na vingine, kinashindwa. Cheo cha baba ndani ya Genzyme nacho kinageuka kizuizi, kwani bosi hawezi kuwapa wanawe dawa ya majaribio bila kunyooshewa kidole. Watoto walitundikiwa dripu ya kwanza ya dawa mapema 2003, baba akiwa ameshajiuzulu. Mioyo ikapungua uvimbe. Viti vya magurudumu vikabaki pale pale.

Atatokea wa kusema kuhesabu fedha kando ya kitanda cha mgonjwa ni utovu wa adabu. La hasha! Casgevy, tiba ya selimundu ya kuhariri jeni, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Asiyeuliza bei hiyo imetoka wapi atamwandikia nini mzazi wa Mwanza?

Andikeni, basi, nani alitoa mtaji, nani alivuna, nani alifungiwa mlango. Na mkienda kuihoji familia, msimwache baba akatokea uani. Mketisheni naye, aulizwe habari za damu yake.