Maoni: Kabla ya kununua vyuma vya mazoezi, tazama sakafu yako

Kati ya Kavumu na Lwiro, watu wengi wameacha kukimbia barabarani alfajiri. Tangu vita vilipofika huku Februari 2025, hata mpenzi mkubwa wa mbio hufikiri mara mbili kabla ya kutoka nyumbani giza likiwa bado nje. Mazoezi yamehamia ndani: sebuleni baada ya kusogeza viti, barazani, au kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa ghala la maharage. Vijana wanamimina simenti ndani ya makopo ya rangi, wanachomeka bomba la chuma katikati, na tayari wana uzito wa kunyanyua. Akina mama wanaruka kamba watoto wakiwa wamelala.

Ninaliunga mkono jambo hili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na presha haingoji vita viishe. Lakini naona kosa moja linarudiwa nyumba hadi nyumba: pesa yote inakwenda kwenye vyuma, na sakafu haikumbukwi kabisa. Maoni yangu ni kwamba sakafu ndiyo ya kulipiwa kwanza.

Sababu yake si ngumu. Kila unaporuka, mwili hurudi chini kwa kishindo. Sakafu isipokipunguza, magoti, nyonga na mgongo ndivyo vinavyokipokea. Na mtu akiteleza akiwa na kilo 40 mabegani, mkono uliovunjika ni miezi mitatu bila shamba wala duka. Hasara hiyo inazidi bei ya vyuma vyote alivyonunua.

Tuangalie sakafu tulizo nazo. Udongo mtupu si adui, kwani haupigi goti kama simenti. Ubaya wake ni vumbi linaloingia mapafuni mtu anapohema kwa nguvu, na funza wanaongoja mguu usio na kiatu. Simenti ni imara, lakini kwa wengi wetu ni lipu nyembamba tu juu ya udongo. Uzito ukianguka mara chache, inapasuka. Vigae vinavyong'aa ndivyo vibaya kuliko vyote: jasho likidondoka vinateleza, na kimoja kikivunjika kinakata kama kisu.

Halafu kuna yale mazulia ya sponji ya rangi rangi yanayoletwa madukani Bukavu. Kwa kujinyoosha au mazoezi ya tumbo yanafaa. Kwa kunyanyua uzito hayafai, maana mguu unazama na kifundo kinapinda. Tena, kwetu Lwiro, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mvua karibu mwaka mzima, sponji iliyolazwa juu ya simenti yenye unyevu huota ukungu upande wa chini. Uliyemnunulia mtoto wako afya unamlaza juu ya uvundo.

Kuna jambo jingine ambalo Lwiro tunapaswa kulijua kuliko wengine. Kituo chetu cha utafiti, kilichoanzishwa mwaka 1947 na leo kinaitwa CRSN, kimepima mitetemeko ya ardhi kwa miaka mingi. Ule wa tarehe 3 Februari 2008 uliua watu na kuangusha nyumba Bukavu na ng'ambo ya Rusizi. Kwa hiyo vyuma havisimamishwi ukutani wala kupangwa juu ya rafu. Vinalala chini, kwenye sakafu iliyo sawa. Kuijua kama iko sawa, weka chupa ubavuni. Ikibingirika yenyewe, hapo si mahali pa kunyanyulia.

Basi tufanye nini? Mwenye nyumba yake amwite fundi. Ashindilie mawe, atandike plastiki kuzuia unyevu, kisha amwage zege la sentimita 10: simenti sehemu moja, mchanga mbili, changarawe tatu. Alimwagilie maji wiki nzima kabla ya kulitumia. Si lazima chumba kizima. Mita 2 kwa 2 zinatosha.

Juu ya zege, apange mbao za mikaratusi zilizokauka, tabaka mbili zilizopishana, na juu kabisa mpira wa matairi makuukuu. Wanaoshona ndala za tairi sokoni wanajua kuuchana, na wanajua tairi lipi lina nyuzi za chuma zinazochoma mguu na lipi halina. Misumari iwe mifupi na vichwa vyake vizame ndani ya mpira. Mara moja kwa mwezi, jukwaa hilo lisimamishwe likauke chini.

Mpangaji asimwage zege kwenye nyumba ya mtu. Atengeneze jukwaa la mbao na mpira la vipande viwili, siku ya kuhama analibeba. Na anayekaa kwenye nyumba ya mbao juu ya mteremko, kama zile za Kadutu, aache kabisa kuangusha uzito ndani. Sakafu yake ni dari ya jirani.

Najua nitaulizwa: nani ana pesa ya zege wakati huu ambapo hata kupata mfuko wa simenti ni kazi? Jibu langu ni kwamba hatuhitaji kila mtu awe na sakafu yake. Familia kumi za mtaa mmoja zikichanga, zinapata sakafu moja nzuri chini ya bati, ndani ya ua wa mmoja wao, akina mama kwa saa zao na vijana kwa saa zao. Tunachanga kwa ajili ya harusi na msiba. Hatushindwi kuchangia magoti yetu wenyewe.

Vyuma vinaweza kusubiri mwezi mmoja. Goti likishaharibika, Lwiro hakuna duka linalouza jingine.