Nilijaza kikao kwa bahati nasibu, kikao kikafa

Leo sizungumzii mbegu wala viwavijeshi. Nazungumzia viti vitupu.

Kikundi kimoja ninachokilea hapa Dodoma, vijana 34 wa alizeti na vitunguu, kilianza kwa moto kweli. Ulikuwa wakati wa maombi ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikiita kikao saa 3 asubuhi, saa 2 na nusu watu wameshakaa chini ya mkwaju. Mkopo ukachelewa. Mwezi uliofuata walikuja 19. Kisha 11. Halafu 6, na kati ya hao 6 mmoja alikuwa mwenyekiti na mwingine alikuja kudai jembe lake.

Basi nikapata wazo, na nalisema hapa kama kosa langu mwenyewe. Nikamshawishi mweka hazina tutoe fedha kwenye mfuko wa kikundi, tununue bomba la kupulizia dawa la lita 16, liwe zawadi ya bahati nasibu. Kila atakayekuja anapewa namba, mwisho wa kikao tunachezesha. Tangazo nikalirusha kwenye grupu la WhatsApp. Siku ile walikuja watu 61. Kikundi kina watu 34! Walikuja mashemeji, walikuja bodaboda, na bwana mmoja alikuwa anapita tu kwenda kisimani, akauliza kuna nini, akapewa namba. Nikapiga picha, nikazituma kwa wakubwa, nikapongezwa.

Nikafundisha nafasi ya kupanda alizeti, sentimita 75 kwa 30. Hakuna aliyesikiliza, macho yote yalikuwa kwenye bomba. Tulipochezesha, mshindi akawa yule bwana wa kisimani. Akalitia begani akaendelea na safari yake. Kikao kilichofuata walikuja 4.

Hapo unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Kilichoniumiza ni cha wiki 3 baadaye. Alikuja mnunuzi anataka tani 20 za alizeti kwa mkupuo mmoja, na anataka muhtasari wa kikao unaoonyesha wanachama wamekubali kuuza pamoja. Katiba yao inadai akidi ya theluthi mbili, yaani watu 23. Tuliita kikao mara 2 na mara zote hatukufika hata 15. Mnunuzi akaenda kikundi kingine. Vijana wangu wakauza kila mtu kivyake, kwa debe, pembezoni mwa barabara. Na mfuko wa kikundi ulikuwa umeshapungua bei ya bomba.

Kwa hiyo nikisikia viongozi wa vikundi, na maafisa ugani wenzangu, wanasema dawa ya mahudhurio ni zawadi, huwa nasita. Sisemi zawadi ni mbaya. Nasema mimi niliilipia zawadi ile kazi isiyo yake. Nililipia mtu kuwepo, na mtu akawepo, basi. Halafu tukumbuke kijana wa leo anaijua bahati kuliko sisi. Ana mkeka kwenye simu yake tangu Ijumaa. Ukitaka kushindana na kampuni za kubeti kwa kugawa bahati utashindwa tu, wao wana fedha nyingi kuliko mfuko wa kikundi chako.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Ukianza kuuza tiketi kwa watu ili uchangishe fedha za kikundi, umeingia kwenye Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kuna bodi yake inayotoa vibali. Usianze kuuza tiketi sokoni ukidhani ni harambee. Tena tukiacha sheria, kuna imani za watu. Nimewahi kufanya kazi upande wa Kondoa ambako Waislamu ni wengi. Mzee mmoja alinivuta pembeni kwa adabu akaniambia, mwanangu, hiki kikao chenu kizuri, lakini ukiweka kamari ndani sisi hatuingii. Na walokole nao hivyo hivyo. Namba ya bure, isiyolipiwa hata shilingi, wengi wanaikubali, lakini uliza kwanza. Ukifukuza watu 5 ili uvute 10 wa kupita, umepata hasara.

Sasa niwaambie kilichoturudishia watu, maana hakikuwa bomba.

Siku moja niliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Mwanachama mmoja alikuwa na gunia la vitunguu tayari kwa mnunuzi, limejazwa likavimba juu ya mdomo, likafungwa kwa kamba kama tunavyojua. Lumbesa yenyewe. Nikasema leo hakuna somo. Kila mtu aandike kwenye karatasi gunia hili lina kilo ngapi. Watakaokaribia zaidi wawili watapata mifuko ya kuhifadhia nafaka. Watu 14 waliokuwepo waliandika 95, 100, 105. Mmoja aliandika 110 wakamcheka. Tukaning'iniza. Mizani ikasoma 131.

Pakawa kimya. Kisha kijana mmoja akatoa simu akaanza kupiga hesabu bila kuambiwa. Kilo 31 za bure kwa kila gunia. Yeye msimu ule alikuwa ameuza magunia 40. Kilo 1,240, yaani zaidi ya magunia 12 ya kilo 100, alimpa mnunuzi kama zawadi na kumshukuru juu. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaitangaza kila mwaka. Na mimi nilikuwa nimeifundisha sheria hiyo kwenye vikao viwili, kwa ubao. Watu walikuwa wanaitikia huku wanachezea simu.

Kikao kilichofuata walikuja 22, na 3 kati yao wamebeba magunia yao kwenye pikipiki yakapimwe. Sikutangaza zawadi yoyote.

Nadhani tofauti ni hii. Kwenye bomba, mtu alisubiri kuitwa namba. Kwenye mizani, mtu aliweka akili yake kwenye karatasi, akakosea mbele ya wenzake, na kosa lenyewe lilikuwa fedha yake. Mchezo ukiwa na kosa la namna hiyo, mtu anarudi. Hata mifuko tuliyotoa haikukumbukwa, hadi leo wanakikumbuka kikao kile kama siku ya 131.

Baadaye tukafanya wa chupa. Hapa kwetu mambo ya sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu, Chemba na Kondoa zikiwemo, baada ya kula mahindi yenye sumu. Kila mwanachama alikuja na chupa ya kioo iliyokauka na mahindi yake ya ghalani. Unajaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, unatia vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa, unafunga na kutikisa, unaacha kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Isiponata umepita mtihani wa kwanza, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka yashuke chini ya 13.5, kwa hiyo bado unarudisha juani siku moja au mbili, na juu ya turubai, si juu ya udongo. Waliofaulu tuliwachezeshea namba, mshindi akapata turubai. Unaona bahati nasibu imerudi? Lakini safari hii tiketi ya kuingia ilikuwa mahindi makavu. Yule bwana wa kisimani asingeweza kushinda, labda akauke kwanza.

Wapo wanaosema huku ni kuchezea watu wazima. Mwenzangu mmoja aliniambia kikao cha biashara si chekechea. Namheshimu, lakini hajui shamba darasa lilikotoka. Lilipoanza Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wanapambana na wadudu, michezo ya kuchangamsha kikundi iliwekwa kwenye ratiba tangu mwanzo, sambamba na kukagua shamba. Hata sisi wenyewe tuna yetu. Wazee wenu watawasimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu wazima milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakasimama kwenda kuchimba vyoo. Na Ugogo kabla ya redio, mtu akipika pombe ya mtama majirani wanakuja kumlimia, kazi na kicheko siku moja. Kikao cha kukaa kwenye viti saa 3 nzima kumsikiliza bwana shamba ndicho kigeni, tuache kukitetea.

Kwenye posho sitakaa sana, maana nitagombana na watu. Mradi ukija ukalipa posho ya kikao, siku mradi ukiondoka kikao kinaondoka nao. Nimeshaona mara nyingi, inatosha.

Vikundi vya hisa havina tatizo hili, na tujiulize kwa nini. Sanduku lina kufuli 3, funguo wanashika watu 3 tofauti, fedha inahesabiwa mbele ya macho ya wote. Ukikosa kuja hujui hisa zako zimeandikwa vipi, na faini ya kuchelewa unalipa. Yaani kutokuja kuna gharama. Kwenye vikundi vyetu vya kilimo ukikosa unapoteza nini? Utaletewa habari jioni kwa WhatsApp. Mimi nimeacha kutuma muhtasari wa somo kwenye grupu. Wengine walinuna.

Tulichofanya mwisho ndicho ninachokipenda zaidi. Majina ya wanachama wote tunayaweka kwenye kopo. Kila kikao linachomolewa jina moja, na kikao kinachofuata kinafanyika kwenye shamba la huyo. Tunatembea mistari yake, tunamkosoa, tunahesabu mimea iliyofukiwa na iliyokufa, halafu watu wote wanamfanyia kazi saa 2. Palizi, kupunguzia miche, chochote kilichopo. Watu 20 kwa saa 2 ni nguvu kubwa, piga hesabu kibarua angekugharimu kiasi gani. Sharti ni moja: jina lako linaingia kwenye kopo kama umehudhuria vikao 2 mfululizo. Ukikosa, linatolewa. Hakuna fedha inayotoka kwenye mfuko, na zawadi inaongezeka kadiri watu wanavyokuja wengi, si kama bomba ambalo watu wakiwa wengi ndiyo nafasi yako inapungua.

Lina kasoro zake. Mwenye eka 10 anapata faida kuliko mwenye nusu eka, na tumebishana hilo mpaka giza. Kuna dada mmoja shamba lake liko mbali, jina lake lilipotoka watu 9 tu walifika. Aliumia, na alikuwa na haki. Sasa tumekubaliana kwa mashamba ya mbali kikundi kichange mafuta ya pikipiki mbili.

Na jamani, angalieni siku. Hakuna zawadi itakayoshinda mnada. Ukiita kikao Jumamosi asubuhi kwa watu wa upande wa Msalato, wewe ndiye mwenye tatizo, si wao. Tulihamia Jumatano saa 10 jioni, jua likiwa limepoa, na hilo peke yake lilituongezea watu 5.

Mahudhurio yetu ya mwisho yalikuwa 26 kati ya 34. Akidi ipo. Mnunuzi wa tani 20 hajarudi, lakini nimempigia, amesema atapita baada ya mavuno kama muhtasari utakuwa tayari. Jumatano ijayo tuko kwenye shamba la mweka hazina, yule niliyemshawishi anunue bomba. Jina lake limetoka kwenye kopo kihalali kabisa, ingawa wapo wanaosema nimemlipa deni. Njooni na majembe, na kila mtu achukue karatasi, kuna gunia la alizeti la kukisia.