Dada wa Kaunta Naye Ana Haki ya Kuwa Meneja

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Oktoba, mabenki, kampuni za simu na ofisi za umma huadhimisha Wiki ya Huduma kwa Wateja. Maputo yanafungwa mlangoni, keki inakatwa, dada zetu wa kaunta wanavalishwa fulana mpya na kupigwa picha. Wiki ikiisha maputo yanashushwa, na dada anarudi dirishani pale pale alipokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

Vijana wenzangu, leo nataka tuongelee kinachobaki baada ya keki kuliwa.

Hapa Sumbawanga, ingia karibu ofisi yoyote inayohudumia watu, wa kwanza kukupokea ni mwanamke. Mapokezi ya hospitali, gesti, ofisi ya tiketi za basi, duka la pembejeo, kibanda cha wakala wa pesa. Shida yako ikiwa kubwa kidogo unaambiwa, "Subiri umuone bosi." Na bosi mara nyingi ni mwanaume. Sisemi wanaume wasiwe mabosi. Nauliza tu: huyu dada wa mbele, njia yake ya kufika kwenye kile chumba cha nyuma iko wapi?

Wapo wanaodhani kazi ya kaunta ni kutabasamu. Tusidanganyane. Msimu wa mahindi ukifika, mkulima anashuka kutoka Laela au Mtowisa na malipo yake kwenye simu. Ametuma hela kwa namba isiyo yake, anatetemeka. Nyuma yake yupo bibi ambaye Kiswahili kinampa tabu, dada anageuza lugha na kumuelekeza kwa Kifipa. Nyuma ya bibi yupo kijana mjanja anayetaka kutapeli. Foleni imefika barabarani, floti inakaribia kuisha, na jioni hesabu lazima ikae sawa. Huyu dada anasimamia fedha, anatuliza watu, anazuia wizi na anawajua wateja wa mji huu kuliko ripoti yoyote inayotumwa makao makuu. Hiyo ni kazi ya meneja. Anaifanya bila cheo na bila mshahara wake.

Na hesabu ikipungua? Anakatwa yeye, tena bila barua. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mchezo huo. Mwajiri hawezi kukata kufidia hasara mpaka aeleze kwa maandishi hasara ni kiasi gani na imetokeaje, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira.

Sasa tuje kwenye milango iliyofungwa. Mimi naiona minne.

Mlango wa kwanza ni tangazo la kazi lenyewe. Tumeyasoma sote kwenye nguzo za umeme na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Anahitajika dada wa kaunta, umri 18 hadi 25, mwenye muonekano mzuri." Maana yake ni kwamba kazi hii imepewa tarehe ya kuisha tangu siku ya kwanza. Akifika miaka 26 akiwa ameshaijua kazi vizuri, anatafutwa mwingine mbichi. Hivi uongozi utakua lini kwenye kazi ya namna hiyo?

Mlango wa pili ni mshahara. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 592,000 kwa mwezi kwa taasisi za fedha na shilingi 150,000 kwa biashara na viwanda. Binti aliyeajiriwa kwenye kibanda cha wakala anapokea na kutoa fedha za benki siku nzima, lakini mwajiri wake ni mfanyabiashara wa mtaani, si benki. Anabeba hatari ya benki kwa mshahara wa duka. Na kwa sababu yeye si mtumishi wa benki, uzoefu wake hauhesabiki benki ikitangaza nafasi za ndani.

Mlango wa tatu ni uzazi na uhamisho. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Lakini wapo wanaorudi na kukuta nafasi ya usimamizi imeshatolewa kwa mwenzake, eti yeye sasa ana mtoto. Au anaambiwa cheo kipo, ila ni Mbeya au Dar, na jibu linatakiwa kesho. Akiomba siku tatu aongee na familia, wanaandika "hayuko tayari".

Mlango wa nne tunaunong'oneza tu: rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mwenye mamlaka anayetaka ngono ili atoe ajira au apandishe cheo ametenda kosa la jinai. Tuache kuita "mambo ya watu wazima". Ni kosa, na ofisi ya kulipeleka ni TAKUKURU.

Kwa hiyo tatizo si kwamba sheria haipo. Ipo, na kifungu kinachonikera zaidi ni cha 7 cha ile ile sheria ya 2004. Kinakataza ubaguzi kazini kwa jinsia, umri, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, hata mahali mtu alikotoka na maoni yake ya kisiasa. Kinagusa matangazo ya kazi, mafunzo, upandishaji vyeo na uhamisho. Tena kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi sehemu ya kazi.

Mpango. Ulioandikwa. Uliosajiliwa. Muulize dada yako anayefanya kazi mjini hapa kama amewahi kuuona huo mpango, au hata kuusikia.

Najua jibu la wenzetu wa chama tawala. Watasema, mbona Rais ni mwanamke? Ni kweli, na Rais Samia mwenyewe alianza kazi kama karani mwaka 1977. Watasema, mbona Ruth Zaipuna anaongoza NMB tangu mwaka 2020? Ni kweli pia, na hongera zake. Lakini mwanamke mmoja aliyefika juu si ngazi. Ngazi ni zile hatua za katikati: msimamizi wa zamu, mkuu wa kitengo, meneja wa tawi. Nchi inayojivunia aliye juu bila kujenga hatua hizo inawaambia mabinti wa Chanji na Katandala waruke.

Na asitokee mtu akasema Rukwa haiko tayari kuongozwa na wanawake. Oktoba 2020, wakati wagombea wa CHADEMA wakitangazwa kushindwa karibu kila kona ya nchi, Aida Khenani alitangazwa mshindi wa ubunge wa jimbo la Nkasi Kaskazini, hapa hapa mkoani kwetu. Watu wa Ufipa walishajibu swali hilo kwenye sanduku la kura.

Tufanye nini? Kwanza, afisa kazi wa mkoa aulizwe hadharani: ni waajiri wangapi wa Rukwa wamesajili mpango wa kifungu cha 7? Swali hilo tulibebe kwenye mikutano, tulifikishe na bungeni. Pili, kila ofisi ibandike ukutani vigezo vya kupanda cheo, kama inavyobandika bei na saa za kazi. Tatu, tujitazame na sisi. Kwenye ofisi zetu za upinzani ni nani anaandika kadi, anapokea wageni na kupika chai, na ni nani anakaa kwenye kiti cha mwenyekiti? Hatuwezi kudai kwa waajiri kile tunachowanyima dada zetu wenyewe.

Na wewe dada uliye dirishani, tunza nyaraka zako: mkataba, barua, tathmini, hata ujumbe wa simu. Ukinyimwa haki kwa sababu ya ubaguzi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na una siku 60 za kupeleka mgogoro wako. Kama umeachishwa kazi ni siku 30 tu, usichelewe. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba haukuwepo.

Oktoba ijayo wakikuita kupiga picha na keki, nenda, kula keki. Kisha waombe wakuonyeshe mpango.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mkazi wa Sumbawanga.